Mzee Hakuwa Mpemba, na Zanzibar si Mkoa

Najua nimekuwa kimya siku nyingi na baadhi yenu mmeanza kunitumia ujumbe wa kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo lilinitokea, likanikaa kooni, na nilikuwa sijui nilianzie wapi. Leo naona nilitoe tu, hata kama linaniaibisha.

Mtaani kwetu Majengo, hapa Dodoma, kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka. Mchele, sukari, mafuta ya kula, vocha, na ukifika mwezi wa Ramadhani, tende nzuri kuliko za soko zima. Sisi wote tulimwita Mpemba. "Nenda kwa Mpemba ukachukue kiberiti." "Mpemba kafunga, subiri atoke kuswali." Nimekua namwita hivyo tangu nina akili za kutumwa dukani, na hakuwahi kunikatalia. Nikimwambia "Shikamoo Mzee Mpemba" ananijibu "Marahaba mwanangu", basi, tunaendelea na biashara.

Mwaka 2023 mzee akafariki, usiku, kwa ugonjwa wa moyo. Asubuhi mwanawe akaja kituo cha redio nilichokuwa nafanyia kazi, na karatasi imeandikwa kwa mkono. Familia ilikuwa imeandika kwamba mzee wao amefariki hapa Dodoma na mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa "nchini kwao Zanzibar, kijijini Makunduchi". Zamu ya matangazo ya vifo ilikuwa yangu. Nikaisoma ile karatasi, nikachukua kalamu nyekundu. Nikaona "nchini" ni kosa la mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Nikakata, nikaandika "mkoani Zanzibar". Halafu, ili watu wa Majengo wamtambue, nikaongeza "maarufu kwa jina la Mpemba". Nikalisoma hewani mara tatu kwa sauti ya huzuni kama tulivyofundishwa. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Walipita na gari hadi Dar es Salaam, wakavuka kwa boti, wakamzika. Baada ya wiki moja yule mwanawe akarudi kufungua duka. Nikaenda kumpa pole. Akanishika mkono, akanikalisha kwenye kreti la soda, akaniambia taratibu kabisa:

"Kaka, nashukuru kwa kututangazia. Lakini baba yangu hakuwa Mpemba. Ni mtu wa Makunduchi, kusini Unguja. Pemba alikwenda mara mbili katika maisha yake. Na Zanzibar si mkoa. Makosa mawili katika tangazo moja, na mtu hafi mara mbili ukapata kulirekebisha."

Wadau, nilitamani ardhi inimeze kama yule tembo wa hadithi ya jina la Dodoma.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia mbona mzee mwenyewe alikuwa anaitikia? Akacheka kidogo, kicheko cha mfiwa. "Angefanyaje? Kila mteja akimwita hivyo akae anafundisha jiografia? Atauza saa ngapi?" Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo. "Na wewe nchi yako inaitwaje?" Nikajibu haraka, Tanzania. Akasema, "Hiyo ni yetu sote. Mimi nakuuliza yako wewe, kama ambavyo mimi nina Zanzibar."

Sikuwa na jibu. Mimi, mwandishi wa habari, niliyezaliwa na kukulia kwenye mji lilipo Bunge!

Tuanze na lile kosa la "mkoa", maana najua si mimi peke yangu. Zanzibar yote ina eneo la kilometa za mraba kama 2,460. Mkoa wetu wa Dodoma una zaidi ya 41,000. Yaani unaweza kuzipanga Zanzibar 16 ndani ya Dodoma na nafasi ikabaki ya kulima zabibu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na mkoa wa Dodoma peke yake watu 3,085,625. Sasa mtu wa Bara akitazama namba hizo anajiambia, hiki nacho ni kimkoa tu, tena kidogo. Anasahau kwamba hicho "kimkoa" kina mikoa mitano ndani yake, mitatu Unguja na miwili Pemba, kina Rais, bendera, wimbo wake, katiba yake ya mwaka 1984, Mahakama Kuu yake na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Ukubwa wa shamba hauonyeshi lina hati ya aina gani.

Na hati ni hii. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakafanyika Mapinduzi. Kila moja ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Mzee Karume wakatia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa moja. Jina la Tanzania lilikuja baadaye mwaka huohuo. Mwanzoni tuliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu lakini lililowataja wote wawili.

Sasa hapa ndipo penye fundo ambalo shuleni nililipita mbio nikiwinda maksi. Zile nchi mbili hazikuingia kwenye Muungano kwa namna moja. Zanzibar iliingia na serikali yake ikabaki nayo kwa mambo yake ya ndani. Tanganyika iliingia, na serikali yake ndiyo ikageuka kuwa serikali ya Muungano. Katiba ya Tanganyika ilifanyiwa marekebisho ndiyo ikatumika kama katiba ya muda ya Muungano. Kule Visiwani wana msemo kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano. Zamani nilidhani ni kejeli tu. Kumbe kuna ukweli ndani yake.

Kama hamniamini, njooni mtembee Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Mimi nilikwenda siku moja baada ya mazungumzo yale, na daftari langu, nikapita kibao kwa kibao. Wizara ya Mambo ya Ndani, kibao kinasema Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Sawa, polisi na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Wizara ya Kilimo, kibao kinasema Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Lakini kilimo si jambo la Muungano! Waziri wa Kilimo wa Mtumba hana mamlaka juu ya karafuu za Pemba. Zanzibar wana waziri wao. Afya vilevile, maji vilevile, shule za msingi vilevile. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, na orodha ya Katiba ya mwaka 1977 inayotumika sasa ina 22: ulinzi, uraia, sarafu, mambo ya nje, elimu ya juu, Baraza la Mitihani, Mahakama ya Rufani na mengine. Yaliyobaki ni ya kila upande. Ila kwa upande wetu hakuna kibao kinachosema "huu ni upande". Vyote vimevaa koti lilelile.

Ndiyo maana waandishi tunaandika "waziri ametangaza nchi nzima" wakati tangazo linaishia ufukweni Bagamoyo. Nimerudi kwenye kazi zangu za zamani nikahesabu mara nilizofanya kosa hilo. Sitawaambia ni ngapi.

Jambo jingine ni hili la kura. Mwananchi wa Makunduchi siku ya uchaguzi mkuu ana kura tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Mimi wa Majengo nina tatu. Mbunge kutoka Zanzibar anakaa hapa Dodoma na kupiga kura kwenye bajeti ya zahanati za Kongwa na Mpwapwa, wakati mbunge wa Kongwa hana kiti Chukwani. Upande wa pili, Mzanzibari anakuambia: sawa, lakini nyie ni wengi, na mkiamua jambo bungeni sisi tunamezwa, na misaada na mikopo ya nje inapitia kwenu. Kila upande una lalamiko lake na kila lalamiko lina mguu wa kusimamia. Yule kijana wa duka ana vitambulisho viwili mfukoni, cha Taifa na cha Mzanzibari Mkaazi. Baba yake alinunua kiwanja Nkuhungu kama Mtanzania yeyote. Mimi siwezi kwenda Makunduchi nikanunua kiwanja hivyohivyo, kwa sababu ardhi si jambo la Muungano na sheria yao inailinda kwa ajili ya Wazanzibari. Nilipomlalamikia akanijibu, "Kaka, si umesema mwenyewe tunaingia mara 16 ndani ya Dodoma? Mkija nyote kununua, tutakwenda kulala baharini?" Nikanyamaza.

Na msidhani maswali haya ni mapya au ni ya watu wa Visiwani tu. Mengi yameulizwa hapahapa Dodoma. Mwaka 1993 wabunge 55, maarufu kama G55, walidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Mwalimu aliwapinga kwa nguvu hadi akaandika kitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali moja ingefanya Zanzibar ionekane imemezwa, na serikali tatu zingekuwa mzigo na mwisho zingevunja Muungano. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi lakini nakumbuka redio dukani kwa mzee, na wazee waliokaa barazani wakibishana hadi adhana. Mzee mwenyewe hakusema neno siku ile. Alikuwa anapima sukari. Miaka miwili baadaye, mwaka 2010, Zanzibar ilibadilisha katiba yake na kuandika kwamba Zanzibar ni nchi, miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Muungano nayo inasema Tanzania ni nchi moja. Zote mbili zinatumika hadi leo. Kwa hiyo ile kalamu yangu nyekundu ilikata neno lililoandikwa kwenye katiba ya nchi ya marehemu!

Halafu likaja Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Hapa mjini ilikuwa kama sikukuu ya miezi. Nyumba za wageni zilijaa, wajumbe walilipwa posho ya shilingi 300,000 kwa siku, na mama yangu aliyekuwa anauza chapati na maharage hajapata tena kuuza vile. Tume ya Jaji Warioba ilileta rasimu ya serikali tatu, yenye mambo saba tu ya Muungano. Bunge likagawanyika. Tarehe 16 Aprili wapinzani wa UKAWA wakatoka nje. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba, ya serikali mbili kama zilivyo. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, napita nje ya uzio wa Bunge kila siku, na nakiri kwamba nilichofuatilia kwa makini zaidi ni magari.

Kuna rafiki yangu aliyesoma Scotland aliyenisaidia kuliona hili kwa mfano wa mbali. Anasema kule ukimwita Mskoti "Mwingereza" anakununia kama mzee wangu alivyopaswa kuninunia. Ile nchi kubwa imeundwa na nchi nne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Scotland na Wales wana mabunge yao tangu mwaka 1999. England, iliyo kubwa kuliko wote, haina bunge la peke yake, inatumia lile la wote lililopo London. Si mnaona inavyofanana na sisi? Na Kiswahili chetu ndiyo kimemaliza kabisa, maana England ni Uingereza na ile nchi ya wote nayo ni Uingereza. Mkubwa ameazima jina la wote hadi mwenyewe hajui kama ameazima. Ila England angalau jina lake bado lipo kwenye ramani na kwenye jezi.

Sisi jezi tunayo, na hapa ndipo nilipopata nusu ya jibu langu. Kwenye mashindano ya CECAFA hakuna Taifa Stars. Zanzibar Heroes wanacheza kivyao, na sisi tunacheza kama Tanzania Bara, Kilimanjaro Stars. Nadhani ni mahali pekee ambapo ile nchi yangu isiyo na jina huvua koti, ikakimbia na bukta. Desemba 2017 kule Kenya tulikutana, na Zanzibar wakatufunga 2-1, wakaenda hadi fainali wakashindwa na Kenya kwa penalti. Siku ile ya 2-1 mzee aligawa soda bure kwa watoto wote wa mtaa. Tukanywa soda za kufungwa kwetu, tunacheka, tunamwambia "Hongera Mzee Mpemba". Ilikuwa mwaka uleule ambao CAF iliipa Zanzibar uanachama mwezi Machi na kuuondoa Julai. Sasa naelewa kwa nini zile soda zilikuwa nyingi.

Nilimwendea pia bibi yangu, yuko kijijini Chamwino, nikamuuliza yeye anajiita nani. Bibi amezaliwa kabla ya uhuru, ameishi chini ya Tanganyika na Tanzania. Akaniangalia kama naumwa. "Mimi Mgogo. Hayo mengine mmetuletea kwa redio." Nikacheka sana, lakini njiani nikafikiri. Jina la Tanganyika lenyewe walilitia Waingereza mwaka 1920 baada ya kuondoka Wajerumani, na lilidumu miaka 44 tu. Tanzania imeshadumu zaidi ya hapo. Kwa hiyo sisemi turudishe bendera ya zamani, wala sisemi serikali ziwe mbili au tatu. Mnielewe vizuri hapo, najua kuna wadau watakaonitafuta. Hilo waamue wananchi siku watakapoulizwa.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Mzanzibari akisema "mimi Mzanzibari na ni Mtanzania" tunamtilia shaka kana kwamba anataka kutoroka. Kumbe yeye anaujua Muungano kuliko sisi, kwa sababu anajua ni kitu chenye pande mbili na yeye yuko upande upi. Sisi tunadhani Muungano ni sisi, na Zanzibar ni kitu kilichoongezwa pembeni. Mtu asiyejua kwamba ameungana na mwenzake hawezi kumheshimu huyo mwenzake. Atamwona kama sehemu ya mali yake. Ndipo unapochukua kalamu nyekundu bila hata kuuliza.

Ilipofika arobaini ya mzee, mwanawe akaniletea tena karatasi. Tangazo la khitma. Safari hii sikugusa kalamu. Nikamuuliza, unataka niandike nchini, visiwani, au nini? Akafikiri. Akasema, "Andika marehemu alizaliwa Makunduchi, Zanzibar. Basi. Jina linajitosheleza." Nikaandika hivyo hivyo. Na lile la "maarufu kwa jina la Mpemba" nikaliacha, ingawa mhariri wangu alisema watu wa Majengo hawatajua ni nani. Nikamjibu watajua, na wasiojua watauliza, na wakiuliza watajifunza.

Kabla hajatoka nikamwita. Nikamwambia, lile swali lako, jibu ninalo sasa. Mimi natoka Tanganyika, na nchi yetu ni Tanzania. Akasimama mlangoni, akasema, "Wallahi, hilo jina sijawahi kulisikia kwa Mbara bila ya ugomvi ndani yake." Akaenda zake dukani.

Kila Julai mzee alikuwa anafunga duka wiki nzima. Sisi tulisema "Mpemba kaenda Pemba". Kumbe alikuwa anakwenda kwao Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, watu wanapopigana kwa migomba na kumaliza ugomvi wa mwaka ili waanze upya. Mwanawe amenialika Julai ijayo. Nitakwenda, na nitawaletea habari. Nanyi wa Bara mnaosoma hapa, leo mkipita dukani kwa yule mnayemwita Mpemba, hebu muulizeni kwao wapi.

Alamsiki.